Namna ya Kupanga Miksi ya Muziki wa Nchi Nyingi, Kuanzia Arusha

Anayepiga muziki Arusha hana budi kuwafahamu wasikilizaji wake kabla hajawasha mashine. Jioni moja ya Jumamosi, katika ua wa mgahawa ulioko Njiro, meza ya kwanza inaweza kuwa na Warundi na Waganda wanaofanya kazi Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya pili familia ya Kihindi iliyoishi mjini hapa kwa vizazi vitatu, ya tatu waongoza watalii waliorejea kutoka Serengeti pamoja na wageni wao, na ya nne vijana wa Sakina waliokuja kusikiliza singeli na si kitu kingine. DJ mwenye haraka humridhisha kila mmoja kwa zamu, wimbo wa huyu kisha wimbo wa yule, na matokeo yake ni kwamba wakati wowote ule meza tatu kati ya nne zinasubiri. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, yaani kupanga miksi ya saa moja ambamo nyimbo za nchi mbalimbali zinafuatana kwa sababu inayosikika, hata kwa mtu asiyejua jina la nchi wala la mwimbaji.

Nasisitiza neno hilo, inayosikika. Kuweka wimbo wa Mali baada ya wimbo wa Brazili kwa kuwa zote mbili ni za mbali si sababu. Huko ni kupitisha ramani mbele ya watu. Sababu ni pigo moja linalopatikana pande zote mbili, au ala iliyovuka bahari, au namna ya kiongozi kuimba na wenzake kumpokea.

Anza na wimbo mmoja, usianze na orodha ya nchi

Chagua wimbo mmoja unaoufahamu tangu utotoni, kisha uliza ulitoka wapi na ulikwenda wapi. Sisi wa Arusha tuna mfano mzuri mlangoni petu. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga walitoka Tanga, wakaunda bendi ya Arusha Jazz hapa mwaka 1970, na baada ya muda mfupi wakahamia Nairobi ambako bendi yao ilijulikana kwa jina la Simba Wanyika. Sikiliza magitaa yao matatu, la kwanza likiimba, la pili likijibu na la besi likitembea chini yao, nawe utakuwa umeshika uzi unaorudi Kongo. Kutoka Kongo uzi huo unaenda Kuba, kwa maana santuri za msururu wa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, ndizo zilizouleta muziki wa son katika masoko ya Afrika, na wanamuziki wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, wakaujifunza kwa sikio. Uzi haukukomea hapo. Katika miaka ya 1970 santuri za Afrika zilifika bandari ya Cartagena nchini Kolombia, zikapigwa mitaani kwa maspika makubwa yaitwayo picó, na vijana wa huko wakatengeneza kutokana nazo muziki wao wenyewe, champeta. Dansi, rumba, son, champeta: tayari una njia ya dakika 25, na hakuna hatua hata moja uliyoibuni.

Njia ya pili hupita pwani. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na tangu wakati huo taarabu imekuwa na mguu mmoja Cairo na mwingine India: fidla, ganuni na udi vinatazama Misri, huku waimbaji wa Mombasa, Juma Bhalo akiwa mmojawapo, wakichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzivika maneno ya Kiswahili. Ukiweka taarabu ya aina hiyo katikati, wimbo wa Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, kabla yake na wimbo wa filamu ya Kihindi baada yake, ile familia ya meza ya pili itageuka kutazama muziki unatoka wapi, na hutakuwa umetoka nyumbani.

Kwa saa moja, nyimbo 14 hadi 18 zinatosha, na nchi zisizidi sita. Najua wapo wanaojivunia kupita nchi ishirini katika dakika sitini, lakini mimi sijawahi kukumbuka hata moja ya miksi hizo asubuhi yake.

Kukusanya

Faili mbaya huharibu kazi kabla haijaanza. Wimbo uliochukuliwa kutoka ukurasa wa video na kubanwa mara mbili husikika sawa kwenye simu, lakini kwenye spika kubwa matoazi yake hulia kama vitunguu vinavyokaangwa. Tafuta faili ya WAV, isiyobanwa, au MP3 ya kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde. Flashi za maduka ya kuingizia nyimbo jirani na stendi ni nafuu, na nakiri kwamba zimenisaidia sana nilipokuwa naanza, ila sehemu kubwa ya nyimbo zake zina sauti ya DJ fulani anayejitaja katikati ya ubeti, na sauti hiyo haitoki. Tovuti ya Bandcamp huuza faili kamili, na kwa muziki wa zamani kuna misururu iliyokusanywa kwa uangalifu: Zanzibara kwa muziki wa pwani yetu, Éthiopiques kwa Ethiopia, na rekodi alizofanya Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita Tanganyika mwaka 1950.

Usiharakishe kusikiliza. Kila wimbo uusikilize mara tatu ukiwa na daftari. Mara ya kwanza sikiliza tu. Mara ya pili andika dakika na sekunde: ngoma zinaanza lini, sauti inaingia lini, chemko, yaani sehemu ya kasi ya mwisho, linaanza lini, na wimbo unaisha kwa kufifia au kwa kukatika. Mara ya tatu andika ala inayobaki peke yake mahali popote, hata kwa sekunde tano, kwa kuwa hapo ndipo mlango wa kuingilia wimbo mwingine ulipo. Programu itakupa namba za mwendo, lakini haitakuambia kwamba katika sekunde ya 48 mpiga gitaa amebaki peke yake.

Mapigo

Hapa ndipo penye kazi, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza ujue kwamba programu za kuunganishia muziki, iwe Rekordbox, Serato au Mixxx ambayo hutolewa bure, kwa kawaida huanza kwa kudhani kuwa wimbo una mwendo usiobadilika. Amapiano inatii, kwa kuwa imetengenezwa kwa kompyuta. Dansi ya miaka ya 1970 haitii. Ilirekodiwa na watu wazima waliosimama chumba kimoja bila saa ya mapigo, na walipofika kwenye chemko waliongeza mwendo kwa makusudi, kwani chemko lisilokimbia si chemko. Wimbo unaoanza kwa mapigo 104 kwa dakika unaweza kufika 109 kabla haujaisha, na gridi, yaani mistari ya mapigo iliyochorwa na programu mwanzoni, itakuwa imeachwa nyuma. Dawa yake ni kuiweka gridi upya kwa mkono pale chemko linapoanza, kisha kuunganisha ndani ya chemko tu. Ukishindwa, kata kitanzi, ambacho vijana wa studio hukiita lupu, cha mizunguko minne ya gitaa pekee. Kitanzi hakikimbii.

Pili, ulinganisho wa namba una milango ya siri. Vijana wa Sakina wanataka singeli, na singeli huzidi mapigo 200 kwa dakika. Nani ataifikia kutoka kwenye bongo fleva? Lakini bongo fleva ya mapigo 105 ni nusu kamili ya singeli ya 210. Pigo moja la wimbo wa kwanza linabeba mapigo mawili ya wimbo wa pili, na mtu aliyekuwa akitikisa kichwa anajikuta anatikisa mabega bila kuona mahali alipovuka. Hali kadhalika kwa 70 na 140.

Mlango mwingine ni wa tatu kwa mbili, na huo naupenda zaidi kwa sababu unafungua muziki wetu wa pwani. Chakacha hutembea kwa vipigo vidogo vitatu ndani ya kila hatua. Tuseme hatua zake ni 80 kwa dakika. Basi vipigo vidogo ni 240. Vihesabu hivyo hivyo viwili viwili badala ya vitatu vitatu, na utapata hatua 120, ambao ni mwendo wa kawaida wa muziki wa house. Ziweke pamoja ngoma za chakacha na pigo la chini la house, uondoe besi ya chakacha, na kwa mizunguko minane msikilizaji ataweza kucheza kwa miguu ya aina yoyote anayotaka. Kompyuta itakuonyesha 80 na 120 na kukushauri uache. Usiisikilize.

Tatu, na hili halihitaji mashine, jifunze kulipiga kwa makofi pigo linalounganisha nusu ya dunia. Hesabu moja hadi nane kwa kasi sawa, na upige kofi kwenye moja, nne na saba. Rudia bila kusimama. Ukiisha kulizoea utalisikia kwenye zouk ya Guadeloupe na Martinique, kwenye reggaeton ya Puerto Rico, kwenye mtindo wa Kiarabu uitwao malfuf, na ndani ya rumba. Nduguye mkubwa ana hesabu ya kumi na sita, na makofi yake yako kwenye moja, nne, saba, kumi na moja na kumi na tatu. Huyo ndiye clave ya Kuba, na wapiga dansi wetu walimfahamu hata kama hawakumwita hivyo. Wimbo wowote unaokubali makofi hayo utakubali kukaa jirani na mwenzake anayeyakubali. Mimi huzipima nyimbo hivyo kwenye meza ya jikoni kabla sijagusa kompyuta.

Sasa tuunganishe moja kwa ukaribu. Una dansi ambayo mwisho wa chemko lake iko kwenye 112, na champeta ya 116. Tofauti ni asilimia tatu na nusu hivi. Usiburute wimbo mmoja njia yote; ipandishe dansi hadi 114 polepole katika dakika yake ya mwisho, na champeta uishushe hadi 114 kabla haijaingia, ili kila upande utoe nusu. Sauti za waimbaji zisigongane: subiri mwimbaji wa dansi anyamaze na gitaa libaki. Ingiza champeta ikiwa imenyimwa besi kabisa, kwa mizunguko minane, gitaa juu ya gitaa. Kwenye pigo la kwanza la mzunguko wa tisa, punguza besi ya dansi na ufungue besi ya champeta kwa mkupuo mmoja, mikono miwili. Kisha iondoe dansi taratibu ndani ya mizunguko minane mingine. Besi mbili zikikaa pamoja hata sekunde nne, ua mzima unavuma kama jenereta.

Ufunguo wa sauti, na pale kompyuta inapokosea

Nyimbo mbili zenye mwendo mmoja zinaweza bado kuchukiana kwa sauti. Programu hutaja ufunguo wa kila wimbo, yaani familia ya sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake, na kanuni ya kawaida ni kuunganisha funguo zinazofanana au zilizo jirani. Kumbuka pia kwamba ukibadilisha mwendo kwa asilimia sita bila kuwasha kifungo cha kushikilia sauti, wimbo wote unapanda au kushuka karibu nusu toni. Na ukikiwasha kifungo hicho halafu ukabadilisha mwendo kupita kiasi, sauti ya mwimbaji huanza kutetemeka kama ya mtu mwenye homa.

Kanuni hiyo, hata hivyo, ina mpaka, na mpaka wenyewe uko hapa kwetu. Programu inazijua funguo 24 tu, kubwa 12 na ndogo 12, kama zilivyo kwenye kinanda. Maqamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya sauti, kama rast na bayati, ambazo taarabu imezirithi, zina sauti zinazokaa katikati ya vibonye viwili vya kinanda. Zeze na ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba) za Wagogo, alizozipeleka duniani marehemu Hukwe Zawose, zina mpangilio wao wenyewe. Programu itaandika ufunguo fulani kwa ujasiri wote, na ukiuamini utaweka kinanda cha amapiano juu ya fidla na wote wawili wataonekana wamelewa. Kwa muziki wa namna hiyo tumia sikio: vaa hedifoni, sikiliza sauti ya mwisho ambayo mwimbaji hutulia juu yake, uiimbe mwenyewe, kisha utafute wimbo unaotulia papo hapo. Usipoupata, unganisha kupitia ngoma tupu. Dumbak haigombani na mtu.

Zamani na sasa kwenye spika moja

Santuri ya mwaka 1975 ina besi nyembamba na sauti za kati zilizojaa. Muziki wa leo una besi inayotikisa glasi. Ukizifuatanisha bila kurekebisha, ya zamani itaonekana dhaifu na ya leo itaonekana inapiga kelele, na kosa litakuwa lako. Kwenye mikisa ongeza kidogo besi ya wimbo wa zamani, uongeze na ujazo wake wa jumla, na wimbo mpya uupunguze besi katika dakika yake ya kwanza kabla hujaurudishia haki yake. Taa nyekundu isiwake kamwe wakati wa kurekodi. Acha nafasi ya desibeli sita hivi juu, kwani sauti iliyopasuka haishonwi.

Wimbo una wenyewe

Miaka michache iliyopita nilichukua wimbo wa wanawake wa Kimaasai, sauti tupu bila ala, nikautandikia amapiano ya mapigo 112. Ulikaa vizuri mno. Ua ulishangilia, na nilikuwa najipongeza moyoni wakati mama mmoja anayeuza shanga nje ya lango aliponiita pembeni na kuniambia kwa upole, “Mwanangu, huo tunauimba tukimwomba Engai watoto. Wewe umeuwekea bia.” Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo wimbo wa jamii ambayo si yangu siuweki kabla sijauliza mtu wa jamii hiyo unaimbwa lini na nani. Arusha hatuna kisingizio, kwa kuwa wa kuuliza yupo kituo cha daladala. Zipo nyimbo za sherehe, za kusifu ng'ombe na za vijana kurukia, ambazo wenyewe hufurahi kuzisikia ukumbini.

Wala kuchanganya si kosa. Kikundi cha X Plastaz cha hapa Arusha kiliunganisha rapu na uimbaji wa Kimaasai, na albamu yao ya mwaka 2004 ilisikika mbali, lakini mwimbaji wa Kimaasai alikuwa mwanakikundi kamili, hakuwa kiungo cha kunogeshea mchuzi. Ukiutumia uimbaji huo, uache ukae peke yake walau nusu dakika bila ngoma za mtu, kiongozi aimbe na wenzake waguniane kooni, watu wausikie ulivyo. Halafu ndipo ngoma ziingie.

Mpangilio na kurekodi

Mpangilio unategemea hadhira. Kwenye kipaimara cha Moshi mwezi Desemba, familia zinapokuwa zimerudi kutoka Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, wazee hukaa hadi saa mbili usiku. Basi taarabu na dansi zitangulie, rumba ishike wakati wa chakula, na singeli isubiri mpaka babu awe ameagwa. Kwenye miksi ya kusikiliza nyumbani unaweza kugeuza yote. Lakini usipande tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Karibu na dakika ya 35 weka wimbo wa polepole, wa tizita ya Ethiopia kwa mfano, ili masikio yapumzike.

Rekodi kwa mkupuo mmoja ukiweza. Makosa madogo ya mkono yana uhai ambao marekebisho ya programu ya Audacity hayana. Hifadhi kila baada ya sehemu ikiwa unatumia kompyuta ya mezani, maana umeme ukikatika dakika ya 52 haukuulizi. Ukipiga ukumbini, hakikisha mwenye ukumbi ana kibali cha kupiga muziki hadharani, na ukitaka kuiweka miksi mtandaoni, tovuti ya Mixcloud ina makubaliano na wenye haki, jambo litakalokupunguzia usumbufu wa kufutiwa. Andika majina yote ya wanamuziki na nchi zao pamoja na dakika wanayoingia. Msikilizaji akimpenda mtu, ampate.

Kisha ijaribu. Mimi huiweka kwenye flashi na kumwomba dereva wa Noah inayokwenda Moshi aipige. Ni kilomita 80 hivi, saa moja na ushee, na abiria hawajui kuwa ni yangu. Sitazami nani anatikisa kichwa. Natazama dakika gani mtu anatoa simu, na dakika gani dereva anaunyoosha mkono kuelekea redio. Safari iliyopita aliunyoosha tulipopita Kikatiti, dakika ya 27, pale nilipotoka kwenye fidla kwenda kwenye zouk kwa haraka. Aliurudisha bila kugusa kitu, lakini nilipofika Moshi nililipanga upya lile unganisho.